Bangili Haikumwona Ndolo

Bangili ilisema Ndolo hayupo, na Ndolo alikuwa amesimama pale pale langoni, jua la saa nane limemkabili, shati la sare limemganda mgongoni. Kitsao, msimamizi wa walinzi, alitoka kwenye kibanda chake cha mabati na simu mkononi. Akamtazama Ndolo, akaitazama simu, akamtazama Ndolo tena.

"Ndolo, bwana wee, hupo."

"Nipo, bosi. Si unaniona?"

"Mimi nakuona. Bangili haikuoni. Na inayopeleka habari ofisini ni bangili, si mimi."

Loo, dunia imefika hapo: mtu aonekana na wenzake, kivuli chake kiko chini, jasho lamtiririka, na bado aambiwa hayupo. Pale Tiwi palikuwa panajengwa nyumba kumi na nne za watu wenye pesa zao, na tangu nyaya za umeme zilipoibwa mlinzi akiwa amelala fofofo, kampuni ya ulinzi ilikuwa haiamini tena macho ya binadamu. Kila mlinzi alifungwa bangili ya mpira yenye taa ya kijani upande wa chini. Taa ile humulika ngozi na kuhesabu mapigo ya damu. Ikikosa mapigo kwa robo saa, huandika kwamba mlinzi ameivua akaenda zake. Ukiandikwa mara tatu kwa juma unakatwa mshahara wa siku. Juma la pili mambo yakiwa yale yale, unarudisha sare. Ndolo alikuwa kwenye juma la pili, na alikwisha kuandikwa mara kumi na moja.

Shida ilikuwa mikononi mwake. Kila kifundo cha mkono kilizungukwa na mkanda wa tatuu, mweusi ti, mpana wa vidole vinne, usioacha hata upenyo. Miaka kumi na mitano nyuma alikuwa na jina la Judy mkono wa kushoto, na Kalekye alimwambia kinagaubaga kwamba yeye haolewi na mkono wenye jina la mwanamke mwingine. Ndolo akaenda kwa mchoraji mmoja wa ufuoni Diani, jina likafunikwa. Mchoraji akamwambia mkanda mmoja ni kama pingu, miwili ndiyo urembo, na ule wa kulia akamchora bure. Ndolo alicheka, akanyoosha mkono.

"Sasa nisikize," Kitsao alisema. "Hiyo piko uioshe."

"Bosi, hii si piko. Ni ya sindano."

"Dada yangu aliolewa mwezi uliopita, alipakwa piko mpaka viwikoni, nyeusi hivyo hivyo. Imetoka. Osha, bwana, usinitie matatani."

Ilikuwa saa ya mapumziko na mafundi walikuwa wamejikalia kwenye kivuli cha ukuta. Ndolo, mtu mzima wa miaka arubaini na mitatu, alichuchumaa penye mfereji mbele yao akajisugua kwa ndimu, kwa mchanga, kwa kumbi la nazi. Alijua haitoki. Alisugua kwa sababu mtu anayetaka kubaki kazini hamwambii bosi hapana mara mbili. "Haya, bibi harusi anasingwa!" fundi mmoja alipaza sauti, na wenzake wakapiga vigelegele. Ngozi ilichubuka, damu ikatoka, wino ukabaki. Kitsao mwenyewe alimfunga bangili juu ya kile kidonda. Taa ya kijani iliwaka, ikatafuta, ikazimika.

"Kumbe kweli ya sindano," Kitsao alisema, na hakumtazama usoni. "Nitaandika ofisini. Lakini najua watakalosema. Watasema ungelitaja siku ya kuandikwa kazi."

Na ndivyo walivyosema.

Jiko la Kalekye lilikuwa nyuma ya ua huo huo, chini ya turubai. Aliruhusiwa pale kwa kuwa ni mke wa mlinzi. Aliwapikia mafundi chapati na maharagwe, na mara moja moja muthokoi wa kwao Ukambani, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, ambao mafundi wa Kidigo waliuteta sana na kuumaliza wote. Ndolo alimkuta ameketi juu ya jerikeni, mkono kifuani, akingoja pumzi imrudie. Alikuwa ametoka kukanda unga.

"Kifua tena?"

"Moshi tu huu. Kuni mbichi. Wewe nawe, mikono imefanywa nini?"

Ndolo akamweleza yote, mpaka vile vigelegele. Kalekye akamshika mkono akaugeuza, akaangalia mchubuko huu na huu.

"Ni mimi niliyesema lile jina lifunikwe."

"Ulisema moja. Huu wa pili ni tamaa yangu."

Kila mmoja alijua mwenziwe anafikiri nini. Kazi ikiondoka, chumba cha kupanga kinaondoka, na Kaindi, binti yao wa pekee, anatolewa shule katikati ya gredi ya nane na kupelekwa kwa bibi yake kwenye shamba la skimu ya makazi, ambako mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa ya magotini kwa misimu miwili mfululizo. Bibi mwenyewe alikuwa analishwa na wao.

"Ifunge kifundo cha mguu," Kalekye alisema.

"Haifiki. Wala mkono wa juu haifiki. Nimejaribu kote."

"Kwani inataka nini hasa?"

"Inataka ngozi safi na moyo unaopiga. Na iwe ndani ya ua. Basi."

Kalekye akanyoosha mkono wake uliojaa unga. "Mimi si nashinda humu humu ndani ya ua, tangu unapoingia mpaka unapotoka? Lete."

"Mama Kaindi, wakijua..."

"Watajuaje? Wewe utavaa sweta la sare, mimi nitateremsha mkono wa gauni. Lete hapa, chapati zinaungua."

Akamfunga. Taa ya kijani iliwaka, bangili ikatetemeka mara moja, ikapokea. Kalekye akaiinua mbele ya macho ya mumewe kama mtu aliyenunuliwa saa.

"Ona! Mimi imenipenda. Imemkataa mtanashati wa ufuoni."

Walicheka wote wawili, Kalekye mpaka akakohoa.

Kwa majuma matatu Ndolo alikuwa yupo. Kila jioni Kitsao alisoma simu yake na kutikisa kichwa: yupo siku nzima, yupo saa zote, hakuna hata dakika moja iliyokosekana. "Sijui uliifanyaje," alimwambia siku moja, macho yake yakielekea jikoni na kurudi, "na sitaki kujua." Ndolo alivumilia joto la sweta, akafungua lango na kufunga, akawaandika madereva wa lori za mawe, na kwa mara ya kwanza tangu bangili zije alilala usingizi wa kweli. Mwisho wa mwezi mshahara uliingia, pungufu ya siku moja tu. Walimnunulia Kaindi viatu.

Kisha ofisi ya Ukunda ikamwita.

Aliingia akijua amekwisha. Maimuna, aliyeshughulikia afya ya wafanyakazi, alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alimpa kiti, akampa maji, na ule upole ndio uliomtisha Ndolo zaidi. Akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Mzee Ndolo, haya ni mapigo yako ya majuma haya matatu. Mtu mwenye moyo mzima, alama zake hukaa hivi." Alichora kwenye karatasi vistari vilivyopishana sawasawa. "Zako ni hizi. Hapa zimekimbizana, hapa hakuna, hapa zimerundikana. Siku zote ni hivyo. Mashine imetoa onyo mara ishirini na sita."

Ndolo nusura acheke kwa faraja. Hawakuwa wamejua. "Mimi kifuani sina neno, mama."

"Wengi husema hivyo. Hebu nikuulize. Ukifanya kazi ya nguvu kidogo, pumzi hukuishia?"

"Hapana," Ndolo alisema, na akaiona ile jerikeni na mtu aliyeikalia.

"Ukilala chali, huhisi kama wazama? Wengine hupandisha mito miwili, mitatu."

Tangu Krismasi Kalekye alikuwa akikunja blanketi na kuliweka chini ya mto wake. Alisema shingo ndiyo inayomuuma.

"Na miguu, jioni huvimba?"

Kalekye alikuwa amekata ukanda wa ndala zake kwa kisu cha jikoni, akisema zimekuwa ndogo. Na yeye, mume, aliyekuwa akilala ubavuni pake usiku kucha, aliambiwa ndala zimekuwa ndogo akaitikia. Aliogopa kuliko alivyoogopa alipokuwa akiingia mlango ule.

"Ni ugonjwa gani huo, mama?"

"Mimi si daktari. Lakini si wa kuchezea. Mapigo kama haya huweza kumwangusha mtu hivi hivi, akiwa amesimama." Maimuna akasogeza karatasi mbili. "Kampuni haiwezi kukuacha langoni na moyo kama huu, bima haikubali. Tutakuachisha kwa ugonjwa. Kuna mshahara wa miezi miwili, utatoka majibu ya vipimo yakifika. Na hii ni barua ya kliniki ya moyo huko Mombasa. Watakupiga picha ya moyo, kampuni imelipa. Mara moja tu, lakini ni haki yako."

"Na kama kuna makosa? Kama mashine..."

"Mashine? Ngoja nikuchekeshe. Kuna mlinzi wetu wa kule Taru, Kenga. Alimfunga bangili mbuzi akaenda harusini. Mbuzi, mzee! Tulipoona yale mapigo tulidhani mtu anakata roho. Kafukuzwa, na polisi wana faili lake. Mashine yaona, ni sisi tusioona." Akacheka kidogo, na Ndolo akajilazimisha kutabasamu.

Neno lilikuwa limemfika kwenye meno: moyo huo si wangu. Akilisema, mshahara hakuna, barua hakuna, na faili lake litakaa juu ya la Kenga. Asiposema, lazima awe mgonjwa. Lakini barua ile ilikuwa ya kupima moyo, na nyumbani kwake palikuwa na moyo wa kupimwa. Alichukua kalamu. Akatia sahihi kwamba mapigo yale ni yake, akatoa bangili mfukoni, maana hata siku ile hakuwa ameivaa, akaiweka mezani.

"Mama Kaindi," alimwambia mkewe jioni ile, "ule moshi si moshi."

Kalekye alisikiliza akiwa anachambua maharagwe, na hakuacha kuchambua. Alipoambiwa habari ya ndala alisimamisha vidole. "Nilijua," alisema. "Si kujua hasa. Nilikuwa nasema mwezi huu upite kwanza, halafu ule mwingine."

Siku mbili baadaye Kitsao alifika jikoni, kofia mkononi. "Shemeji, unisamehe. Nafasi hii ni ya mke wa mlinzi, na mlinzi mpya ana mke. Nimeambiwa leo hii." Kalekye hakumgombeza. Alimwaga maji ya kunde, akapanga sufuria moja ndani ya nyingine, na Ndolo akafungua turubai mafundi wakiwatazama. Yule fundi aliyemwita Ndolo bibi harusi ndiye aliyeinuka akawabebea jiko mpaka barabarani.

Walikwenda hospitali ya Msambweni. Daktari kijana alimsikiliza Kalekye kifuani, akamsikiliza mgongoni, akarudi tena kifuani akafumba macho. Alimuuliza kama utotoni aliugua koo na viungo mara kwa mara.

"Huko kwetu kila mtoto aliugua koo," Kalekye alisema.

Daktari aliwaeleza taratibu, bila kuficha. Moyo una milango, na mmoja wa Kalekye haufungi sawasawa, damu yarudi nyuma. Umeharibika kiasi gani, na kama wa kutibiwa kwa dawa au kwa kisu, hawezi kusema mpaka moyo upigwe picha. Aliwaandikia dawa za kupunguza maji mwilini. Kisha akafungua daftari la foleni ya mashine. Ilikuwa Julai, na nafasi ya karibu ilikuwa Novemba.

"Novemba ni mbali?" Ndolo aliuliza.

"Kwake yeye ni mbali. Mkipata mahali pengine kabla ya hapo, tafadhali msingoje."

Nje, kwenye benchi, Kalekye ndiye aliyeanza. "Ile barua si ipo?"

"Ina jina langu."

"Na bangili ilikuwa na jina la nani?"

Ndolo akafikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyoona kwamba ni sawa kabisa. Kalekye apimwe kwa jina lake yeye. Picha itoke ya moyo mbovu, ofisi ya Ukunda ipate majibu inayoyangoja na kutoa ile miezi miwili, na wao wapate kujua ule mlango umeharibika kiasi gani. Hakuna atakayedhulumiwa. Ule moyo uliopigiwa alama ndio huo huo utakaopimwa. Jina tu ndilo lililokuwa la uongo, na uongo huo ulikwisha kutiwa sahihi. Jamani, mtu akibanwa huweza kuona mlango penye ukuta.

Kliniki ya Mombasa ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa mbovu. Kalekye alipumzika kila palipokuwa na kona, akijifanya anafunga leso. Walipofika juu midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Watu sita walikuwa wamekaa wakingoja. Mpigapicha, mwanamume wa makamo aliyeitwa Jefwa, alitoka na barua mkononi.

"Ndolo ni nani?"

"Ni mimi," Kalekye alisema, akainuka.

Jefwa aliitazama barua. "Hapa pameandikwa mwanamume. Miaka arubaini na mitatu."

"Wamekosea, daktari," Ndolo alidakia.

"Na nambari ya kitambulisho nayo wamekosea? Mama, nipe kitambulisho chako."

Kalekye alibaki na mkono ndani ya mkoba, kana kwamba kitambulisho chake chaweza kugeuka kikawa cha Ndolo humo ndani. Wale watu sita wakaacha simu zao. Basi Ndolo akasema. Pale pale wima, mbele ya wageni, alisema yote: wino, bangili, jiko, Maimuna, sahihi, Novemba. Mara mbili Kalekye alimvuta shati anyamaze. Hakunyamaza.

Jefwa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo halikusaidia.

"Mama ni mgonjwa," alisema kwa sauti ya chini. "Naiona shingo yake ikipiga, hata sijamgusa. Lakini mzee, picha hutoka na jina. Nikiandika Ndolo juu ya kifua cha mama, na mimi narudisha koti langu leo."

"Basi usiandike jina. Umpime tu, utuambie kwa mdomo."

"Mashine haianzi mpaka niandike jina na nambari ya barua. Nami nambari ninayo hiyo moja." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Na ofisi yenu imelipia saa hii. Usipopimwa wewe leo, nitalazimika kuandika kwamba umekataa."

"Nikikataa?"

"Hayo ni yenu na ofisi."

Kalekye alikuwa amekwisha kukaa tena kwenye benchi. "Panda wewe, baba Kaindi," alisema. "Pengine na wewe una kitu."

Ndolo alivua shati. Alilala ubavu kwenye kitanda kirefu, akapakwa mafuta baridi kifuani, na Jefwa akakandamiza kifaa chake katikati ya mbavu. Na huko kitandani, Mungu amsamehe, Ndolo aliomba awe mgonjwa. Aliomba mlango mmoja uwe mbovu. Hakuomba mkubwa, wa kutosha tu kuandikwa. Aliomba kwa Kikamba, kama alivyofundishwa na mama yake, akataja jina la Kaindi, akaahidi mambo ambayo hakujua atayatimiza vipi. Mashine ikafunguliwa sauti, na chumba kikajaa mapigo yake, moja, na moja, na moja, sawasawa kama mtu atwangaye bila haraka. Aliyasikiliza mpaka machozi yakamwingia sikioni.

Jefwa alipiga picha zote zilizotakiwa. Kisha akampa karatasi ya kujifutia.

"Huna kitu, mzee," alisema. "Milango yote yafunga. Moyo wa kijana." Na kwa kuwa alijua alichokuwa akisema, akaongeza, "Pole sana."

"Majibu utayapeleka lini?"

"Yamekwenda. Mashine huyapeleka yenyewe."

Ndolo alifunga vifungo vya shati akakosea, akafungua, akafunga tena. Huko Ukunda Maimuna alikuwa labda ameketi mbele ya kioo chake sasa hivi, akitazama moyo mzima na kujiuliza ule mwingine ulikuwa wa nani. Miezi miwili haikuwapo tena. Faili lilikuwapo. Akafungua mlango, akatoka.

Kalekye aliinua uso. Alikuwa amevua ndala, miguu yake imetulia juu ya sakafu baridi.

"Wamesemaje?"

"Mzima. Wamesema mimi ni mzima kabisa."

Ndolo alingoja mkewe alie, au amlaumu, au aulize watakula nini. Kalekye alifumba macho, akashusha pumzi fupi, ile tu aliyokuwa nayo.

"Asante Yesu," alisema, na hakuwa akitania. "Basi Kaindi atabaki na mmoja."